Maji ya mfereji katika bonde la Imbo: yanatoka wapi, na kwa nini hayamfikii kila mtu



Tangu kiangazi kianze, katika kila baraza tunaulizwa jambo moja: "Tulilipa kodi ya shamba sawasawa na wenzetu, mbona maji hayatufikii?" Wanaouliza ni wale waliokodi ari 5 au ari 10 za mpunga huku Buterere, Mutimbuzi au Gihanga, na wale wanaofanya kibarua kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Swali lao ni la haki. Mama aliyeuza vitenge vyake ili apate pesa ya kukodi shamba na kununua mbegu, shamba likikauka wiki mbili wakati mpunga unatoa masuke, hana tena kitenge wala mchele.

Kuna jambo lingine. Upande mmoja tunasikia wanasema wakimbizi ndio wanaofungua maji usiku. Upande wa pili tunasikia wanasema wenyeji wanatufungia maji kwa makusudi. Mara mojamoja ni kweli, huku na huku. Lakini mara nyingi kinachokausha shamba ni mfereji wenyewe, jinsi ulivyochimbwa na jinsi unavyotunzwa. Anayeujua mfereji hagombani na mtu asiye na kosa. Kwa hiyo karatasi hii inaeleza mfereji.

MAJI YANATOKA WAPI

Imbo ni nchi ya chini, tambarare, kati ya milima ya Burundi upande mmoja na milima ya Kongo upande mwingine, na mto Ruzizi unapita katikati kutoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika. Ni nchi ya joto na mvua kidogo: karibu milimita 800 mpaka 1000 kwa mwaka, na kuanzia Juni hadi Septemba karibu hakuna kitu. Kule juu, kwenye msitu wa Kibira, mvua hupita milimita 1500. Mito inayozaliwa kule, kama vile Mpanda, Kajeke, Kaburantwa na Nyakagunda, ndiyo inayoteremka na kuilisha Imbo. Mkulima wa chini anakula mvua iliyonyesha kwa mtu wa juu.

Wengi hudhani maji ya mfereji yanachotwa Ruzizi kwa sababu ndio mto mkubwa. Sivyo. Ruzizi inapita mahali pa chini kuliko mashamba mengi, na maji hayapandi yenyewe. Ingehitajika pampu na mafuta ya pampu. Mito ya milimani inafika ikiwa bado juu. Hapo mto unapotoka mlimani hujengwa ukuta wa zege au wa mawe unaokatiza maji na kuyageuza pembeni. Watanzania wanauita banio. Kutoka kwenye banio unaanza mfereji mkuu, na mfereji huo unafuata ukingo wa juu wa bonde ukiteremka polepole sana, kiasi kwamba ukiutazama kwa macho utasema haushuki. Ukishuka kwa kasi utakula udongo na kubomoka. Ukishuka polepole mno utajaa mchanga. Kutoka mfereji mkuu inatoka mifereji ya pili, kutoka hiyo inatoka midogo, na mdogo ndio unaopita mbele ya jaruba lako. Kila panapogawanyika pana lango la chuma au la mbao la kufungua na kufunga.

Chini ya yote upo mtaro wa kutolea maji, ambao watu wengi hawauhesabu. Tutaurudia.

Mashamba haya si ya jana. Katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa Wabelgiji, familia ziliteremshwa kutoka milimani zikawekwa Imbo katika vijiji vilivyopimwa kwa kamba, kila familia hekitari 4, na pamba ilikuwa zao la lazima. Ng'ambo ya Ruzizi Wabelgiji walipanga mashamba kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo ndugu zetu wa Luberizi na Sange wanazijua kazi hizi. Baadaye mpunga ukapanuka, na huku Burundi shirika la serikali linaloitwa SRDI ndilo limesimamia kilimo cha mpunga wa mifereji, hasa Gihanga na jirani zake.

Sasa fikiri: hekitari 4 za babu zimegawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, na mjukuu naye amekukodisha wewe ari 10. Mfereji uliochimbwa kwa ajili ya milango michache leo unafunguliwa mahali pengi mara nyingi zaidi, na mto haukuongezeka.

HESABU YA MADUMU

Tuchukue shamba la ari 10. Ni mita 1,000 za mraba. Ukitaka maji ya kimo cha sentimita 1 juu ya shamba lote, unahitaji lita 10,000, yaani madumu 500 ya lita 20. Kulijaza mara ya kwanza kwa sentimita 10 ni madumu 5,000. Waliozoea kupanga madumu kwenye bomba la kambi wataelewa haraka kwa nini hakuna anayemwagilia mpunga kwa ndoo.

Tuseme jua na udongo vinakunywa sentimita 1 kwa siku. Udongo wa mchanga hunywa zaidi, wa mfinyanzi hunywa kidogo. Kwa wiki ni sentimita 7, yaani lita 70,000. Kama mfereji wako mdogo unaleta lita 10 kwa sekunde, ambayo ni nusu ya dumu kila sekunde, shamba lako litapata haja yake ya wiki kwa muda wa karibu saa 2.

Wiki moja ina saa 168. Kwa saa 2 kila mmoja, mfereji huo unaweza kutosheleza mashamba 84 ya ari 10. Ni wengi! Lakini hapo tumesema maji yote yanafika, mchana na usiku bila kupotea. Mfereji wa udongo unavuja, kingo zake zimetobolewa na kaa na panya, nyasi zimeota ndani. Nusu ikipotelea njiani, wanabaki watu 42. Na kama watu wanamwagilia mchana tu, na usiku maji yanakwenda bure mpaka Ruzizi, wanabaki 21. Mto ni uleule. Kutoka 84 hadi 21 hakuna mwizi hata mmoja aliyehusika.

Ndiyo maana mimi huwa nawaambia vijana kwamba kazi ya kusafisha mfereji, ile inayofanywa kwa pamoja siku ya Jumamosi, sisi tulikotoka tukiita salongo, si adhabu ya wageni. Kusafisha kipande cha juu, hata kama shamba lako liko mbali kilomita 2 chini, ndiko kunakokuletea maji. Anayesafisha mbele ya shamba lake tu amesafisha kwa ajili ya jirani wa chini yake, si kwa ajili yake.

WA JUU NA WA CHINI

Mtu wa kwanza kwenye mfereji hufungua na kupata. Akiona ameshiba hana haraka ya kufunga, kwa sababu maji mengi huua magugu na kumpunguzia palizi. Wa pili hivyohivyo. Yule wa mwisho anapata yaliyobaki, na kiangazi hayabaki. Mashamba ya mwisho ndiyo yanayokodishwa kwa bei ndogo, na wenye pesa kidogo ndio wanaoyakodi. Hapo ndipo wakimbizi wengi walipo. Basi mkimbizi anaposema "maji hayafiki kwetu" anasema kweli, lakini jirani yake mwenyeji wa hukohuko mwisho analia kilio hicho hicho. Nendeni mkaulize.

Jambo hili limewashinda hata wenye mifereji ya zege. Huko Moshi, Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, mradi mkubwa ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Wajapani, wenye hekitari 1,100 zilizopangiwa mpunga, mifereji mizuri na milango ya chuma. Mpunga ulikubali sana. Kwa sababu ulikubali, wakulima walioko juu ya mabanio, ambao hawakuwa ndani ya mradi, nao wakaanza kulima mpunga na kufungua maji ya mto yakiwa bado kwao. Baada ya miaka michache mradi haukuweza tena kumwagilia mashamba yake yote. Walioko juu walisema mto ulikuwa wao kabla ya mradi. Walioko chini walisema serikali iliwaahidi. Zege halikujua la kufanya.

Kwenye mlima huohuo Wachaga wanayo mifereji yao ya kale wanayoita mifongo, iliyochimbwa na koo zao kabla ya Mzungu kufika. Kila mfongo una wazee wake, zamu zake, na siku ya kusafisha. Asiyefika kusafisha hutozwa faini au hunyimwa maji. Jirani zao Wapare walichimba mabwawa madogo, ndiva, ya kuweka maji ya usiku ili yatumike asubuhi. Hapa Imbo sijaona ndiva, na nadhani ingefaa kufikiriwa, kwa maana maji yetu mengi hupotea usiku watu wamelala.

ZAMU YA WAHINDI

Nchi yenye mifereji mingi sana ni India. Katika majimbo ya Punjab na Haryana, kaskazini, mifereji mikubwa ilichimbwa tangu wakati wa Waingereza. Ule wa Sirhind ulifunguliwa mwaka 1882. Maji yanatoka kwenye milima ya theluji na kutembea mamia ya kilomita. Huko nako wa chini walilia.

Dawa yao wanaiita warabandi, yaani zamu iliyofungwa. Wiki nzima, zile saa 168, inagawanywa kwa watu wote wa mfereji mdogo mmoja kulingana na ukubwa wa shamba la kila mmoja. Zamu imeandikwa: fulani, Jumatatu, kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 5. Saa yako ikifika, mfereji wote ni wako, hakuna mwingine anayefungua. Ikiisha unafunga, hata kama hujashiba. Maji yakipungua mtoni, yanapungua kwa wote.

Kuna mambo mawili katika zamu hiyo ambayo yananipendeza. La kwanza: maji hayafiki mara tu yanapofunguliwa, yanajaza mfereji kwanza, na wa mbali anapoteza muda akingoja. Kwa hiyo huongezewa dakika za kujaza mfereji, ili asilipie umbali. La pili: hakuna anayependa zamu ya usiku, kwa hiyo kila mwaka orodha inasogezwa saa 12, na aliyekuwa usiku anakuwa mchana.

Si kwamba India mambo yote ni mazuri. Wenye nguvu huko nako hutoboa mfereji. Na kuna sehemu ambako walimwagilia miaka mingi bila mitaro mizuri ya kutolea maji, maji ya chini ya ardhi yakapanda karibu na mizizi, yakaleta chumvi juu, na ardhi ikawa nyeupe haioti kitu.

Faida kubwa ya zamu iliyoandikwa, kwa mtu mgeni kama sisi, ni kwamba haimtegemei mtu kukujua. Palipo na mazoea ya mdomo tu, mwenye ndugu wengi hupata maji kwanza. Pakiwa na karatasi, unaonyesha karatasi. Katika makundi machache ya Imbo watumiaji maji wana kamati na orodha ya zamu. Pengine ipo lakini imesahauliwa dafutarini. Aliyekodi shamba amwombe mwenye shamba ampeleke kwa kamati ajulikane kwa sura, na aulize zamu ya shamba lile ni siku gani na saa ngapi. Mwenye shamba akisema "hapa hakuna zamu, kila mtu anafungua tu", ujue umekodi shamba la mvua, na bei iwe ya shamba la mvua.

MTARO WA CHINI, NA BUTERERE

Mpunga hupenda maji, lakini maji yaliyosimama bila kutoka hugeuka kuwa maradhi ya udongo. Kuna sehemu za bonde la Ruzizi ambazo udongo wake una chumvi ya asili; ukiona ukoko mweupe kwenye kingo wakati wa jua, ndiyo hiyo. Chumvi huoshwa kwa maji yanayoingia na kutoka. Mtaro ukizibwa, kwa mfano na mtu aliyeuzuia ili apate maji ya bure, mashamba ya juu yake yataharibika polepole, na mavuno yatapungua mwaka hadi mwaka bila watu kujua sababu. Wiki 2 hivi kabla ya kuvuna pia lazima maji yatolewe, ili mpunga uive pamoja na ardhi ikauke.

Buterere ni mahali pa chini kabisa, kando ya uwanja wa ndege, karibu na ziwa. Kila mtaro unaelekea huku. Kiangazi hiyo ni bahati, kwa sababu unyevu haukosekani. Mvua ikija ni balaa. Mnaikumbuka Aprili 2020, Ruzizi ilipofurika Gatumba na maelfu ya watu wakahama. Na miaka iliyofuata, hadi 2024, ziwa Tanganyika likapanda likaingia kwenye nyumba. Ziwa likipanda, mtaro hauna pa kumwaga, na maji yanarudi nyuma mashambani. Basi anayekodi shamba Buterere asiulize tu "maji yanaingia wapi", aulize "yanatokea wapi".

Na kuna jambo la maji yenyewe. Sehemu ya maji yanayotumiwa Buterere kumwagilia lengalenga na mchicha inatoka kwenye kijito cha Kinyankonge na mitaro mingine inayopokea uchafu wa mji. Mboga zinastawi kwa mbolea hiyo, na macho yanadanganyika. Mnamo Januari 2023 serikali ilitangaza kipindupindu katika Bujumbura. Mboga za mtaro zipikwe mpaka ziive. Zisiliwe mbichi hata zikioshwa, maana mara nyingi zimeoshwa na maji yaleyale. Maji ya mfereji, hata yale masafi kwa macho ya Mpanda, hayanywewi bila kuchemshwa au kutiwa dawa.

Kichocho kipo kwenye mifereji ya Imbo. Kinaletwa na konokono wadogo wanaokaa penye nyasi na maji ya polepole, na mdudu huingia kwa kupenya ngozi ya miguu, hakuna maumivu siku hiyo. Konokono naye ameambukizwa na choo cha binadamu kilichoingia majini. Kwa hiyo anayejisaidia kando ya mfereji anamwambukiza mwenzake wa chini, na huenda naye ana mtu wa juu anayemfanyia hivyo. Kusafisha nyasi za mfereji huondoa konokono pamoja na kuongeza maji. Mwenye buti avae. Wanaofanya kazi ya mpunga, na watoto wanaoogelea humo, wakiumwa tumbo muda mrefu au wakiona damu kwenye choo, waende kituo cha afya waseme wazi kwamba wanaingia kwenye mifereji. Dawa ipo, na hunywewa siku moja. Mbu nao wanapenda majaruba: anayelala shambani kulinda zamu ya usiku aende na chandarua.

KWA WANAOTAKA KUKODI MSIMU UJAO

Liangalie shamba mwenyewe, na uliangalie wakati wa ukame, si wakati wa mvua ambapo kila shamba ni zuri. Fuata mfereji kwa miguu kutoka shambani kwenda juu, hesabu ni milango mingapi iko kabla yako, na tazama kama kingo zimetobolewa na ng'ombe. Muulize mtu anayelima jirani, si mwenye shamba peke yake. Makubaliano yaandikwe: ukubwa wa shamba kwa ari, bei kwa franka, msimu, zamu ya maji, nani analipa mchango wa maji na nani anakwenda kazi ya kusafisha. Mawili hayo ya mwisho ndiyo yanayoleta ugomvi mwingi, kwa sababu mwenye shamba anadhani ni wewe na wewe unadhani ni yeye. Kisha siku ya zamu kamati inafunga lango kwa shamba lenye deni. Mashahidi wawe wawili, mmoja mwenyeji.

Ukikuta maji yamefungwa saa yako, usifungue kwa nguvu usiku. Hata kama haki ni yako, asubuhi itasemwa kwamba umeiba, na jina hilo halitabaki kwako peke yako. Nenda kwa mkuu wa zamu na shahidi wako, kisha kwa kamati, kisha kwa wakuu wa kilima au wa zoni. Wanaotoka kambini wasisahau karatasi ya ruhusa, kwa kuwa malalamiko ya mtu asiye na karatasi hayafiki mbali. Ndugu waliovuka Ruzizi Februari 2025 na baada yake, ambao hawajazoea taratibu za huku, waje na wenyeji wao wa zamani.

Wasiojua kusoma wataelezwa karatasi hii kwa mdomo kwenye baraza la Jumanne, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifuliiru. Wenye makubaliano ya mdomo wanaotaka yaandikwe waje asubuhi kwenye meza ya wafanyakazi wa jamii pamoja na mwenye shamba. Kuandika ni bure.